Ritifaa Haina Kosa

Anayetaka fomu za tovuti zipokee herufi A hadi Z pekee, eti kwa usalama, atuambie mkazi wa kata ya Mang'onyi, wilayani Ikungi, aandike nini. Ruwaza yake ya kuchuja herufi, ^[A-Za-z]+$, inaligomea jina halali la kata. Ukiondoa ritifaa ('), matamshi yanaharibika na rekodi hailingani tena na orodha ya kata. Hifadhidata hailindwi kwa kupiga alama marufuku. Hulindwa kwa kutenganisha amri ya SQL na data ya mtumiaji. Andika ^[A-Za-z'’ -]+$: ritifaa mbili, kwa kuwa baadhi ya simu huweka iliyopinda, nafasi kwa majina kama Singida Mjini, na kistari kwa majina yenye kistari. Anayeogopa ritifaa akarekebishe msimbo wake, watu wa Mang'onyi awaache na jina lao.