Manyoya mapya kwenye mshale wa kaboni

Barua ya juma hili imetoka kwa mama mmoja wa Ilemela. Mjomba wa vijana wake, akaaye Maskati, amewaletea mishale kumi na miwili ya kaboni iliyokwisha kutumika. Manyoya yake ya plastiki yamebanduka, na gundi kuukuu imeganda juu ya uti. Babu yao ameshauri uti upashwe moto kwenye jiko la mkaa hadi gundi ilainike. Mama auliza kama ushauri huo ufuatwe.

Kwa mshale alioujua yeye, mzee hakukosea. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupasha moto uti wa mti na kuunyoosha kwa meno, nao hutoka motoni ukiwa imara. Kaboni si mti. Ni nyuzi nyembamba mno zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu iitwayo epoksi, na gundi hiyo ikizidiwa na joto hulegea, pengine bila kuacha alama yoyote ya kuonekana. Uti wa namna hiyo huweza kupasuka wakati upote unapoachiliwa, na vibanzi vyake vikazama katika mkono ulioshika upinde. Basi moto usitumike kabisa. Babu aelezwe kwa adabu. Kazi yake ipo, tutaifikia.

Kabla ya kugusa gundi, kila mshale ukaguliwe. Ushike ncha mbili, uupinde kidogo ukiwa mbali na uso, uuzungushe na kuupinda tena, huku ukisikiliza. Kisha pitisha pamba juu ya uti wote; ikinasa mahali, hapo pana ufa. Uliolia au ulionasa pamba hauna matengenezo. Uvunjwe vipande, ufungwe katika gazeti na kutupwa, asije mtoto akauokota jalalani akadhani amepata mshale mzima.

Iliyosalimika ikwanguliwe kwa mgongo wa kisu cha jikoni, si kwa makali. Laza kisu karibu na uti na kukisukuma kwa urefu wake, polepole. Gundi ya supaglu ikizeeka hukauka na kubanduka kwa magamba. Ukiona weusi unatoka pamoja na gundi, acha: umeanza kula kaboni yenyewe. Mabaki yasuguliwe kwa msasa laini uliolowa maji. Kuulowesha ni lazima, kwani vumbi la kaboni halifai kuvutwa puani, na vibanzi vyake huwasha ngozi kwa siku kadhaa. Vaa glavu, fanyia kazi uani, watoto wakae mbali.

Mwisho futa kwa kitambaa kilicholowa spiriti ya kusafishia vidonda. (Mwenye shaka kuhusu spiriti na swala amwulize sheikh wake, safu hii haitoi fatwa.) Asetoni tusiitumie, maana ikikaa juu ya uti huweza kuishambulia epoksi. Spiriti ikishakauka, dondoshea maji mahali hapo. Yakitandaa, pako tayari. Yakijikusanya matone, mafuta yangalipo. Futa tena, na usipaguse kwa kidole.

Sasa babu aitwe. Vijana wakipiga kwa upinde wa kienyeji, ambao mshale hupita juu ya mkono, plastiki haifai: hugonga upinde na kuupotosha mshale. Unyoya wa ndege hulala ukapita. Mzee achague manyoya ya bata mzinga, yote ya bawa moja, ama la kulia ama la kushoto, kwa kuwa yamepinda kila moja upande wake na hayachanganywi. Matatu yatosha, yaliyoachana sawasawa kuuzunguka uti. Gundi iwe kidogo. Supaglu hushika kwa unyevu wa hewa, na hewa ya kando ya ziwa haikosi unyevu, hivyo unyoya uliowekwa vibaya hautakupa nafasi ya kuusogeza. Wala msiibandike jioni taa ikiwa imewashwa, siku ambazo wale wadudu wadogo wa ziwani huja kama moshi. Wataganda humo kwa mamia.

Uqba bin Amir amepokea, katika Sahih Muslim, karipio la Mtume (s.a.w.) kwa aliyejifunza kulenga shabaha kisha akaacha, kwa hiyo simlaumu mjomba kwa zawadi yake. Lakini Mwanza ingali inakumbuka Sungusungu wa miaka ya 1980, na mtu aonekanaye njiani na mishale haangaliwi kama mwanamichezo. Vijana waitie katika podo lenye kifuniko, wapigie mahali penye ukuta wa udongo nyuma ya shabaha, na mwenyekiti wa mtaa apewe habari mapema. Wakipanda daladala, chembe zifunikwe na kushikwa mkononi: ndivyo ilivyoamrishwa, katika hadithi ya Abu Musa, kwa apitaye na mishale msikitini au sokoni, asije akamjeruhi Muislamu mwenziwe.