Ukweli mlangoni pa chumba cha kipimo

Katika siku za janga la Uviko-19, swali moja lilikuwa likirudiwa majumbani: mzazi ameandikiwa endoskopi, yaani kipimo cha kupitisha mpira mwembamba wenye kamera kinywani hadi tumboni. Je, tumpeleke, au tungoje maradhi yapungue?

Jibu letu lilitegemea sababu ya kipimo. Janga lilipoenea mwaka 2020, vyama vya madaktari wa fani hii katika nchi mbalimbali vilishauri vipimo visivyo vya dharura viahirishwe na vya dharura viendelee. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, au aliyekwamiwa na chakula kooni, hangoji. Mwenye kiungulia cha siku nyingi asiye na dalili ya hatari anaweza kushauriana na daktari wake kuhusu siku nyingine. Uamuzi huo ni wa daktari, wala si wa hofu zetu.

Hatari yenyewe iko wapi? Mpira upitapo kooni, mgonjwa hukohoa na kucheua, na matone madogo mno huelea hewani karibu na uso wa daktari. Ndiyo maana wakati wa janga wahudumu walivaa barakoa za N95, miwani ya kinga, glovu na joho lisilopenya maji. Watu chumbani walipunguzwa, na hewa iliachwa ibadilike kabla ya kuingia mgonjwa mwingine. Mpira nao hupanguswa, husuguliwa kwa brashi ndani ya mirija yake, hulowekwa katika dawa ya kuua vijidudu, husuuzwa na kukaushwa. Utaratibu huo ulikuwapo kabla ya korona, na ukitimizwa barabara huviua virusi hivi pia.

Lakini kinga ya mwanzo ilikuwa mikononi mwetu sisi wenye mgonjwa, nayo ilikuwa majibu ya maswali ya mlangoni. Una homa? Unakohoa? Umepoteza uwezo wa kunusa? Umekaa na mgonjwa wa korona? Walikuwapo walioficha, wakichelea kupoteza zamu yao. Kikohozi kilichofichwa humfikia muuguzi, naye akilazwa au kujitenga, wagonjwa wa kesho hukosa wa kuwahudumia. Msema kweli hapotezi tiba: penye dharura atahudumiwa kwa tahadhari kubwa zaidi, na pasipo dharura atapangiwa siku nyingine.

Basi wakati wa janga ilifaa tumsindikize mzee wetu mtu mmoja tu, wa kumrudisha nyumbani baada ya dawa ya usingizi, na sote wawili tuvae barakoa. Alipopatwa na homa au kikohozi ndani ya siku 14 baada ya kipimo, ilifaa tuwajulishe waliomhudumia. Afya ya mhudumu ni amana kwetu, kama afya ya mzee wetu ilivyo amana kwake.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu na awahifadhi wanaowauguza. Amin.