Neno la Mhariri: Mafuta ya Moyo Yanafanya Kazi

Mafuta yanayoufunika moyo si akiba iliyolala. Ni tezi inayotengeneza homoni, na kwa mtu mwenye sindromu ya metaboli, yaani kitambi, sukari, shinikizo la damu na kasoro za lehemu kwa pamoja, tezi hiyo humgeuka mwenyewe. Toleo hili linadai tuipime.

Kati ya mafuta hayo na msuli wa moyo hakuna utando unaovitenga, na vyote viwili hulishwa na mishipa ileile midogo ya damu. Kinachotoka huku kinafika kule moja kwa moja. Mtu akiwa mzima, mafuta haya hutoa adiponektini, homoni inayotuliza uvimbe na kuipa insulini nguvu. Yakizidi unene, adiponektini hupungua, leptini, homoni nyingine ya mafuta, hupanda, na kemikali zinazochochea uvimbe humwagika kandokando ya mishipa ya koronari.

Leptini iligunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, New York, ikadhihirika kwamba mafuta hupeleka taarifa hadi kwenye ubongo. Hata hivyo, mgonjwa wetu bado hupandishwa kwenye mizani, uzito ukaandikwa, akaruhusiwa kwenda. Mizani haioneshi mafuta yamekaa wapi.

Utepe wa kupimia kiuno unaonesha zaidi, lakini nao una kasoro. Viwango tunavyotumia kusini mwa Sahara, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, vimeazimwa kutoka Ulaya. Kipimo cha trigliseridi, yaani mafuta yaliyo katika damu, nacho hutupoteza: watu wenye asili ya Afrika mara nyingi huwa nazo chache hata insulini inapokuwa imeshindwa kazi. Mgonjwa anaweza kuambiwa yuko salama ilhali hayuko.

Tunaomba mambo mawili. Kila kliniki ipime kiuno na kukiandika. Na kila anayepigwa ultrasaundi ya moyo, unene wa mafuta yaliyo mbele ya ventrikali ya kulia uingizwe kwenye ripoti. Picha tayari inauonesha, na kuupima ni kazi ya dakika chache. Takwimu hizo zikikusanywa tutapata viwango vilivyotokana na miili ya watu wetu, na daktari wa wilayani atamwonya mgonjwa kabla kifua hakijaanza kumbana.