Kamina: kabla ya bastola, daftari
Glock 17 na Glock 19 zinafanana kama mapacha: zote za Austria, fremu ya plastiki ngumu, risasi za milimita 9. Ya kwanza hubeba risasi 17. Ya pili, fupi kidogo, 15. Zote hutengenezwa bila kitufe cha pembeni cha kuzifunga, hivyo usalama unategemea sana kidole cha aliyeishika.

Kwa Kamina, mji wenye kambi kubwa ya jeshi tangu enzi za Wabelgiji, tuulize kwanza: aliyepewa amefunzwa? Namba ya silaha imeandikwa wapi? Itifaki ya Nairobi ya 2004, iliyotiwa saini na Kongo pia, inadai silaha zitiwe alama na kumbukumbu zitunzwe. Wakubwa waanzie hapo. Bastola isiyo kwenye daftari ikipotea leo, kesho itamlenga raia.