MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Je, Breki Nayo Iliandikwa?

Mwezi huu nalikusudia kuzungumza nanyi habari za malezi ya watoto wakati wa likizo; lakini liko jambo lililonipata hapa Soweto, katika mji wetu wa Mbeya, nami sina budi kuliandika kwanza, maana limeninyima usingizi.

Mama mmoja mjane wa ushirika wetu alipanda pikipiki ya abiria jioni, atoke sokoni arudi kwake, na mvua inanyesha. Kwenye mteremko kijana aliyeiendesha alikaza breki, nazo hazikushika, wakaligonga lori lililosimama kando ya njia. Kijana alivunjika mguu. Mama yule alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Matangani niliombwa kusema neno, nami, kama ilivyo desturi yetu wazee, nikasema ya kwamba siku zake zilikuwa zimetimia, na ya kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia. Mwenye pikipiki, ambaye ni ndugu yetu katika ushirika, alikuwa ameketi karibu na mlango, nikamwona akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Baadaye ndipo nilipopata kujua sababu. Kijana wake alikuwa amemwambia mara mbili kwamba breki zimekwisha, naye akamjibu asubiri mwisho wa mwezi.

Watu walipotawanyika, binti wa marehemu alinijia, akaniamkia kwa heshima, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mzee, umesema siku ya mama iliandikwa, nami nakubali. Je, breki nayo iliandikwa?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia tutaonana, nikaenda zangu.

Swali la binti huyu ni la zamani, nalo limewapiganisha Wakristo wenye elimu nyingi kuliko mimi. Katika nchi yetu hii ya Nyanda za Juu lilikuja pamoja na Injili yenyewe. Walutheri, ambao makanisa yao yameenea mpaka Iringa, wana maungamo yaliyoandikwa mwaka 1577, yanayofundisha ya kuwa mtu akiokoka, ni kwa kuwa Mungu alimchagua kwa neema tangu milele. Lakini akipotea, asimtafute Mungu wa kumlaumu, ajilaumu nafsi yake. Kisha, wamisionari Wajerumani walipoondolewa mwaka 1916 kwa sababu ya vita, Waskoti wa Livingstonia walikuja kuyaangalia makanisa ya Rungwe kwa miaka kadhaa. Hao walilelewa katika maungamo ya Westminster, ambayo hunena kwa nguvu kuliko wengine wote kwamba Mungu ameazimia tangu milele kila jambo litakalokuwa. Hata hivyo, maungamo hayo hayo yanasema papo hapo kwamba azimio hilo halimfanyi Mungu kuwa mwenye dhambi, wala halimnyang'anyi mwanadamu hiari yake. Naona watu wengi hulishika neno la kwanza na kuliacha la pili, kwa kuwa la kwanza linafariji na la pili linadai.

Lakini jambo lililonifikirisha zaidi ni habari ya Wamoravian wenyewe, waliotuletea Neno hapa. Zamani, katika mji wao wa Herrnhut huko Ujerumani, walikuwa na desturi ya kupiga kura. Likiwapo shauri zito, nani awe mzee, nani atumwe ng'ambo, nani amwoe nani, waliomba kwanza, kisha wakatoa kikaratasi: kimoja kilisema ndiyo, kimoja kilisema siyo, kimoja kilikuwa kitupu, maana yake shauri lingoje. Waliamini kwamba Mwokozi mwenyewe ndiye aongozaye mkono. Mimi siwacheki. Walikuwa watu walioogopa kuitenda kazi ya Mungu kwa akili zao tu, na hofu hiyo ni njema. Walakini kijana aliyeozwa kwa kura, siku ya ugomvi nyumbani, angeweza kusema, "Mke huyu sikumtaka mimi." Mwaka 1818 waliiacha kura isiwe sharti tena katika ndoa, na mwaka 1889 wakaikomesha kabisa katika mashauri yao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1891, wamisionari wanne wakafika Rungwe. Hao hawakutumwa kwa kikaratasi. Mmoja wao alifariki mwaka ule ule, na wenziwe watatu walipokaza mioyo wabaki, hapakuwa na kura ya kuwaamulia.

Hata leo Neno la kila siku, lile wasomalo Wamoravian asubuhi, huchaguliwa kwa kura kule Herrnhut. Hilo naliona jema, maana kura ile yatuletea Neno, kisha hutuachia kazi ya kulitii. Haituambii, "Kaeni, yamekwisha amuliwa." Babu zetu, Wasafwa na Wanyakyusa, walipokwenda kwa mpiga ramli, mara nyingi walitaka jambo hilo: apatikane wa kuamua badala yao, au wa kulaumiwa badala yao. Twasema tumeliacha bao la ramli. Nasikitika kusema kwamba wengine wetu tumelihamishia kanisani, tukaliita mapenzi ya Mungu.

Nikiwa katika mawazo hayo nikafungua Matendo ya Mitume, mlango wa 27, habari ya merikebu ya Paulo. Nawaomba mwisome nyumbani pamoja na watoto, kwa maana sijaona mahali panapoeleza shauri hili vizuri zaidi. Merikebu inachukuliwa na dhoruba siku kumi na nne. Ndani yake mna watu 276. Malaika amekwisha kumwahidi Paulo kwamba hapana hata mmoja atakayepotea. Basi neno limenenwa, shauri la Mungu limejulikana wazi kuliko litakavyojulikana kwetu katika jambo lo lote. Sasa angalia. Usiku wa manane mabaharia wanapima kina, wanapata pima ishirini, kisha kumi na tano. Wanatia nanga nne tezini. Kisha wanashusha mashua kwa hila, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, kumbe wanatoroka. Je, Paulo alilala usingizi, akisema Mungu ameahidi? La. Alimwambia akida na askari kwamba hao wasipokaa merikebuni, ninyi hamwezi kuokoka. Askari wakakata kamba za mashua, ikaanguka baharini. Asubuhi Paulo akawasihi watu wale chakula, wapate nguvu. Na wote wakafika pwani ya Melita, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Mtu yule yule aliyeisikia ahadi ndiye aliyesema "wasipokaa". Wala hakuona aibu kuyanena yote mawili. Mungu aliyeazimia watu 276 wafike pwani aliazimia pia kamba zikatwe, mkate uliwe, na wasioweza kuogelea wapate mbao. Askari mmoja angaliuzuia mkono wake asikate kamba, nani angalithubutu kumwambia Paulo kesho yake kwamba kazi ya Mungu haina makosa?

Na liko neno lililo zito kuliko hilo, katika mlango wa pili wa kitabu hicho hicho. Petro, siku ya Pentekoste, anawaambia watu wa Yerusalemu kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na katika sentensi hiyo hiyo anawaambia kwamba ni wao waliomwua. Nao hawakujibu, "Basi tumelitimiza shauri la Mungu, tuacheni." Walichomwa mioyo, wakauliza watende nini.

Juma lililofuata nilirudi kwa binti yule. Nikamwambia, "Mwanangu, matangani nilisema nusu ya neno. Nisamehe." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimekusamehe, Mzee. Nusu iliyobaki si yako kuisema."

Basi nikaenda kwa mwenye pikipiki. Alinikaribisha chai, tukazungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Nilipolitaja jambo lenyewe, akajibu upesi, kama mtu aliyekwisha kulitayarisha jibu: "Ajali haina kinga, Mzee." Nikamwambia, "Breki ndiyo kinga." Akainamisha kichwa. Sikuongeza neno, nikaaga.

Siku nyingi zikapita. Nilipopita njia ile niliiona pikipiki imesimama uani, breki mpya zimefungwa, lakini haikutoka. Jana jioni, baada ya ibada, alinisubiri nje karibu na lango mpaka watu wote wakaondoka, akaniuliza kama najua binti yule hurudi kutoka sokoni saa ngapi.