Shokapu za Mbele Hazitaki Pupa

Mwenye pikipiki ya kale, akiisha kuzifumua shokapu zake za mbele hata mabomba, springi, bushi na sili zikatandazwa juu ya turubai, aghalabu hushikwa na shauku ya kuirudisha barabarani siku ile ile; na kwa rai yangu shauku hiyo, wala si uzee wa chuma, ndiyo iharibuyo kazi nyingi za namna hii.

Itazame Matchless G3/L ya Uingereza, ambayo mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, ilitiwa shokapu za mabomba yaingianayo yenye oili ndani, namna ambayo BMW ya Ujerumani ilikwisha kuitumia tangu mwaka 1935. Hikima yake ni kwamba springi hulipokea pigo la shimo, lakini springi peke yake, ikiisha kubanwa, hurejea kwa ghadhabu na kumrusha mpanda; oili, kwa kulazimishwa kupita katika matundu membamba, ndiyo iitulizayo. Basi amiminaye oili kwa kukisia, kushoto ikazidi na kulia ikapungua, amezidhulumu shokapu zote mbili.

Bomba nalo lipitishiwe ukucha kabla ya lolote: ukikwama palipoliwa na kutu, sili mpya itachanika mdomo upesi, na oili itachirizika hata ikafika kwenye breki. Sili yenyewe ipakwe oili, mdomo uelekezwe oili iliko, kisha isukumwe taratibu kwa kipande cha bomba kilichoenea duara lake, kamwe isigongwe nyundo ukingoni.

Lakini hasa nililolishikia kalamu ni kukaza. Wako wakazao kila bolti mara ipatapo mahali pake, na mabomba, yakiwa yamepotoka kwa kadiri isiyodirikiwa na jicho, yakabaki yakisuguana na bushi umri wao wote. Nilipata kurudishiwa pikipiki kutoka karakana moja ikiwa ngumu mbele mithili ya gogo. Nikavilegeza vibano vya ekseli, nikaikandamiza mara kadhaa, nikakaza upya, ikalainika pasipo kubadilishwa hata kipuri kimoja. Ndiyo maana gurudumu hutiwa na nati ya ekseli ikakazwa ilhali vibano vya ekseli vingali vimelegea, pikipiki ikashushwa chini, mpini ukakandamizwa mara tano au sita ili mabomba yajitafutie unyoofu wao, ndipo vibano vikakazwa.

Haya hayawahusu wapenzi wa vitu vya kale pekee, maana bodaboda zetu nyingi zinasimama juu ya shokapu za asili hiyo hiyo, na roho mbili au tatu zimepakiwa juu yake. Nawasihi mafundi wapime oili ya kila upande kwa kikombe. Nawe mwenye pikipiki, fundi akikwambia urudi kesho jioni, usimhimize.