Huna Ndugu Kigali? Nenda Hivyo Hivyo

Mwanachuo akisema anataka kwenda kutembea nje ya nchi, swali la kwanza haliwi la pasipoti wala la nauli. Linakuwa hili: "Una ndugu kule?" Mama anauliza, mwenzako wa chumbani anauliza, hata dada anayekutolea kopi ya kitambulisho naye anauliza. Ukijibu huna, safari imekufa hapo hapo. Na wale wenye ndugu wakienda hawatembei, wanasalimia tu.

Mimi nasema kwa mwanafunzi mwenye hela ya kuhesabu, kitanda cha kulipia ni rahisi kuliko kitanda cha bure. Najua inasikika kama hesabu za mtu aliyemaliza boom wiki ya kwanza. Nivumilieni kidogo.

Rafiki yangu mmoja wa mwaka wa pili alikwenda Nairobi siku saba, akafikia kwa mjomba wake Kitengela. Kitanda bure, chai bure. Lakini hakwenda mikono mitupu, maana huwezi kufika kwa mjomba na begi la mgongoni tu: alibeba mchele, dagaa, na kitenge cha mke wa mjomba. Kitengela ni kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, kwa hiyo kila akitaka kutoka ni matatu ya kwenda, matatu ya kurudi, na foleni katikati. Jioni anatakiwa awe nyumbani mapema, wasije wakakaa na wasiwasi. Jumapili kanisani, kutambulishwa. Kati ya siku saba aliingia mjini mbili. Ukijumlisha zawadi, nauli na vijisenti vya kuwaachia watoto, angeweza kulala pale pale mjini kwenye hosteli, kitanda cha deka, na makumbusho angeyaona. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe lake lilikuwa kuwafundisha watoto hesabu.

Mjomba hana kosa lolote hapo. Alitimiza wajibu wake wote, na ndiyo maana safari haikupatikana.

Sisi likizo iliyopita tulikwenda Kigali watatu, hakuna aliyekuwa na ndugu. Kwa basi kutoka Dar unakaa njiani zaidi ya siku nzima: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, halafu Ngara hadi mpakani Rusumo. Mtanzania haombi viza Rwanda. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Asiye nayo anaweza kuomba Uhamiaji hati ya dharura ya safari, ambayo ni nafuu zaidi na inatosha kwa safari moja ya nchi jirani. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mifuko ya plastiki acheni Bongo, kule ilipigwa marufuku tangu 2008.

Usiku wa kwanza tulikuwa tumeshika nafasi kwa simu kwenye hosteli ya wasafiri, kitanda dola 12 kwenye chumba cha pamoja. Pazuri, pasafi, intaneti inakimbia. Ila mle ndani kila kitu kimepangiwa mtu wa kutoka mbali, kuanzia bei ya chai hadi matembezi waliyoyabandika ukutani. Asubuhi tukaacha mabegi mapokezi, tukapanda Nyamirambo kutafuta kwa miguu.

Hapo ndipo Kiswahili kinapolipa. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, lakini Nyamirambo na Biryogo hawakusubiri sheria. Ni mitaa ya zamani ya Waislamu na wafanyabiashara, na Kiswahili kipo pale miaka mingi. Ukiingia gesti ukasema "Shikamoo mama, tunatafuta chumba, tuko watatu," mazungumzo yanaanzia pengine kabisa. Tulipata vyumba viwili, kila kimoja faranga 12,000 kwa usiku, kama shilingi 21,000 kwa kubadilisha kwa siku zile. Jumla faranga 24,000 kwa watu watatu, yaani 8,000 kila mmoja, kama shilingi 14,000. Ni zaidi ya boom la siku moja, ambalo ni 10,000, sikatai. Lakini usiku sita ni shilingi 84,000, na kwa hizo hela sidhani rafiki yangu alitoka salama na mchele wake.

Ushauri wetu wa vyumba ni mfupi. Kioneni kabla ya kulipa. Fungua bomba, jaribu kitasa, uliza maji ya moto ni ya saa ngapi. Taja idadi ya siku mapema, maana bei ya siku sita si bei ya siku moja. Na msichague kwa bei peke yake. Tulionyeshwa chumba cha faranga 8,000 nje kabisa ya mji, tukapiga hesabu ya pikipiki kwenda na kurudi, kikawa ghali kuliko hiki. Pikipiki za Kigali zinabeba abiria mmoja tu, kwa hiyo ile mishikaki yetu ya watu watatu sahauni. Watatu ni pikipiki tatu. Mabasi ya mjini ni ya kadi, nunueni moja mchangie.

Kutembea sasa. Watu wakisikia Rwanda wanasikia gorila, na kibali cha kuwaona kwa mgeni wa kimataifa ni dola 1,500, basi wanahitimisha kuwa nchi ni ya matajiri. Vitu tulivyoviona sisi vingi havikuwa na kiingilio. Mtaa wa Biryogo uliofungwa magari na kupakwa rangi, watu wamekaa na chai barabarani. Mlima Kigali kwa miguu. Soko la Kimironko. Ufukwe wa ziwa Kivu kule Rubavu, unaiangalia Goma kwa macho, nauli ya basi tu. Panapolipiwa, uliza kwanza kama kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki na toa kitambulisho. Uganda, kwa mfano, mgeni wa mbali analipia mbuga kwa dola, mimi na wewe kwa shilingi zao. Usipouliza utapangwa na wenye dola. Na angalieni kalenda: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, asubuhi watu wako kwenye kazi za jamii, maduka yamefungwa, basi hupati.

Lakini lililonifanya niandike haya ni Gisozi. Kuingia kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ni bure. Zaidi ya watu 250,000 wamezikwa pale. Siku mbili kabla tulikuwa tumevuka Kagera pale Rusumo, tukaliona daraja la zamani. Mwishoni mwa Aprili 1994 kama watu robo milioni walivuka hapo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Tulisoma mambo haya sekondari, tukajibia mtihani, tukasahau. Ukiingia chumba cha picha za watoto, mmeandikiwa alipenda chakula gani na rafiki yake alikuwa nani, huwezi kutoka ukaenda moja kwa moja kwenye pilau la mwenyeji na kuulizwa "mmefurahi?" Sisi tulitoka tukakaa kwenye bustani hadi jioni. Tukarudi Nyamirambo kwa miguu, mwendo mrefu sana, karibu hatuongei. Hakuna aliyekuwa anatusubiri na hatukuwa na wa kumwomba radhi kwa kuchelewa. Ile 14,000 ndiyo iliyotununulia jioni hiyo.

Najua pingamizi kubwa liko wapi: mabinti. Mmoja wetu ni dada, na mzee wake aliposikia neno gesti alifikiria zile za kwetu za kulipia kwa saa. Alikataa wiki mbili. Alilegea baada ya kuongea na yule mama mwenye gesti kwa simu, mtu mzima na mtu mzima, Kiswahili kwa Kiswahili. Kule yeye ndiye aliyelala chumba cha peke yake, ghorofani, komeo ndani, nasi tukawa mlango wa pili. Na tuseme ukweli ambao majumbani hatuusemi: si kila nyumba ya ndugu ni salama kwa binti. Wapo waliolala sebuleni kwa ndugu bila mlango wa kufunga, wakashindwa kumwambia yeyote kilichotokea, kwa kuwa ni ndugu. Gesti ufunguo unakaa mfukoni mwako, na ukiona mambo hayaeleweki unabeba begi unahama bila kuvunja ukoo.

Kwa hiyo nina ombi kwa serikali ya wanafunzi. Ile fedha ya ziara za viongozi tuiache, tushaigombania sana. Wekeni daftari pale ofisini. Kila anayerudi kutoka Kampala, Kigali, Bujumbura, Mombasa au Lusaka aandike alilala mtaa gani, chumba bei gani, kitasa kilifanya kazi au hakikufanya, basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Akiandika saa za Kigali aseme, ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na kuna watu wawili nawafahamu walikaa stendi wakiliona basi limechelewa kumbe saa yao ndiyo iliyotangulia. Kurasa za Nyamirambo nimeshaziandika kwa mkono, zipo tatu, nazileta Jumatatu.